Kaburi la Beho Beho

Milima ya Uluguru ina vilele vipitavyo mita 2,600, na pepo za Bahari ya Hindi huinyeshea zaidi upande wa mashariki. Humo huzaliwa mito ya Ruvu na Mgeta. Msafiri atokaye Morogoro akashika njia ya Matombo hata Kisaki, huiacha milima nyuma yake na kuingia nyika iteremkayo kuelekea Rufiji, nchi ya tembo na mbung'o. Katika nyika hiyo, mahali paitwapo Beho Beho, lipo kaburi la askari mzee, Frederick Courteney Selous, aliyeuawa vitani tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza umri wa miaka 65. Mtu huyu alikuwa nani, na yatupasa kumkumbuka kwa namna gani?

Selous alizaliwa London mwaka 1851. Tangu utotoni alipenda ndege, mayai yao, na habari za wasafiri wa Afrika. Mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19, alishuka pwani ya Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akamwendea Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Alipewa. Kwa miaka mingi aliishi porini, akijipatia riziki kwa pembe na akiandika vitabu vilivyomletea sifa. Lakini hakuwa mwindaji tu. Alichunguza tabia za wanyama kwa uangalifu wa mwanachuoni, na wengi aliowakusanya waliingia katika makumbusho ya viumbe huko London.

Mwaka 1894 alimwoa Bibi Gladys Maddy, wakakaa Worplesdon, kusini mwa Uingereza, wakajaliwa watoto wa kiume. Hapo alikuwa na bustani, na nyumba aliyoijenga kwa ajili ya kuhifadhi wanyama wake. Mtu mwenye mke, watoto, jina na umri kama wake hakuwa na sababu ya kwenda tena vitani. Hata hivyo, vita vilipozuka mwaka 1914 aliomba kuandikwa. Kwanza alikataliwa kwa uzee wake, lakini hakukata tamaa, na mwaka 1915 alifika Mombasa akiwa ofisa wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Vijana wengi wa kikosi hicho waliangushwa na homa na kuhara, naye mzee akaendelea kutembea. Hata katika kambi za vita hakuacha kukamata vipepeo.

Mji wa Morogoro uliingia mikononi mwa jeshi la Jenerali Smuts tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma wakiizunguka milima ya Uluguru, wakapigana Kisaki mwezi Septemba, kisha wakajichimbia kando ya mto Mgeta. Selous alikuwa amerudishwa kwao kwa ugonjwa mwaka huohuo, akapasuliwa, akapona, akarudi tena. Mwezi Desemba aliongoza askari wake kwa miguu kutoka reli ya Mikese, wakipita chini ya milima hadi Mgeta. Mashambulio yalianza tarehe 1 Januari 1917. Siku ya nne risasi ilimpata Selous kichwani. Lettow-Vorbeck mwenyewe, katika kumbukumbu zake za vita, alimtaja adui huyu kwa heshima. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari, mwanawe Freddie, aliyekuwa rubani, aliuawa katika vita vya Ulaya. Hapana shaka kuwa mama aliyepokea habari hizo mbili hakufarijiwa na nishani yoyote.

Ushujaa huo haukanushiki. Lakini historia si marsiya, na mizani yake ina vitanga viwili. Lobengula alimpa Selous ruhusa ya kuingia nchini mwake. Mwaka 1890 Selous akakiongoza kikosi cha Cecil Rhodes kwenda kuitwaa nchi ya Washona, na mwaka 1893 akawamo katika vita vilivyouvunja ufalme wa Lobengula. Njia alizojifunza kwa fadhila ya wenyeji ndizo alizowaonyesha wavamizi wao. Mapenzi yake kwa pori la Afrika yalikuwa ya kweli. Ila kupenda nchi si sawa na kuwatendea haki wenye nchi.

Tena, hakufika Beho Beho peke yake. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo kila gunia la unga na kila kasha la risasi lilichukuliwa kichwani na mpagazi. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu zao rasmi zinakiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Nao walikuwa na wake na watoto, na mashamba waliyoyapenda. Mwafrika aliyembebea Selous bunduki vitabu vinamtaja kwa jina moja tu, Ramazani, bila kutaja baba yake wala kwao.

Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza iliipa hifadhi ile kubwa ya wanyama jina la Selous. Mwaka 2019 sehemu yake ya kaskazini, pamoja na Beho Beho, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na jina la zamani likabaki kusini. Wako wanaoona huko ni kumfuta mtu. Sivyo, kaburi lipo, na vitabu vyake vipo. Wapagazi hawakuachiwa hata hivyo. Ukumbusho wao mkubwa ni Kariakoo, soko la Dar es Salaam, lililopata jina kutokana na kikosi chao, na maelfu hupita hapo kila siku wakiulizana bei bila kujua wanawataja marehemu. Basi mwanafunzi wa historia asimame penye kaburi la Selous na kumpa mzee yule haki yake. Kisha aigeukie njia ya Mgeta, awahesabu na wale waliozikwa kandokando yake pasipo jiwe.