Kipande na Mashine ya Kuchagua Wafanyakazi

Siku hizi, inapozungumzwa habari ya mashine kuchagua watu wa kuandikwa kazi, aghalabu husemwa ya kuwa jambo hili ni geni kabisa. Ugeni wake ni wa chombo tu. Kumpima mtu kwa karatasi, pasipo kumtazama wala kumwuliza neno, ni desturi ambayo Kenya iliijua zaidi ya miaka mia iliyopita, nayo iliitwa kipande.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na cheti chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, mshahara wake, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka. Cheti kilitiwa ndani ya kikopo cha bati, kikaning'inizwa shingoni. Kwa macho ya karani wa daftari mpango ulikuwa mzuri: mtu mzima, pamoja na historia yake ya kazi, alisomeka kwa dakika moja.

Lakini palikuwa na neno moja zito kuliko yote, nalo ni sahihi ya tajiri. Mtu asiyetiwa sahihi ya kuachiwa hakuweza kuandikwa kihalali mahali pengine. Tajiri mwenye kinyongo hakuhitaji kugombana naye. Aliiweka kalamu chini tu, na mtu akafungika hapo. Karatasi ilionekana kutoa hukumu, kumbe nyuma yake umejificha mkono. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na chama chake. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kumdai, wakapigwa risasi, wakafa wasiopungua 21.

Sheria ya mwaka 1947 ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe, na hapo walowezi wengi wakapiga kelele, wakiona kutia alama za vidole ni kuvunjiwa heshima. (Kwa muda wa karibu miaka 30 heshima hiyo haikuwa imewapitia akilini.)

Sasa tutazame mashine yenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon, huko Marekani, ilianza kutengeneza programu ya kusoma karatasi za waombaji kazi na kuwapa nyota, kutoka 1 hadi 5. Programu ilifundishwa kwa maombi ya miaka 10, ambayo mengi yaliletwa na wanaume. Ikawapunguzia alama wale ambao karatasi zao zilikuwa na maneno yenye kuonyesha uanawake. Kampuni ikaiacha, na shirika la Reuters likatangaza habari hizo Oktoba 2018. Kinyongo cha mtu mmoja hapakuwapo, bali mazoea ya wengi yaliyogeuzwa kuwa hesabu.

Kwa hiyo naona si hoja kamili kulalamika ya kuwa mashine haina huruma. Tajiri wa kipande alikuwa mtu, na huruma hakuwa nayo. Alilokosa mwenye kipande ni mahali pa kwenda kuuliza sababu akajibiwa. Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, yampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana, isipokuwa katika hali chache, na hata hizo zikitokea, haki ya kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Lililobaki ni kujua nani atakayeufikiria: karani wa kuisoma tena alama ya kompyuta na kuitia sahihi, au mtu mwenye amri ya kuibatilisha na nafasi ya kumsikiliza mwombaji.