KICC: Sanamu Unayotembea Nayo Mfukoni Bila Kujua

Cheki noti yoyote mpya uliyo nayo, iwe finje, soo ama thao. Upande wa mbele kuna mnara wa duara, na kando yake paa lenye ncha. Hiyo ni KICC ya Nairobi. Hata ukilipwa doo ya majani chai huko Kapkatet, unapokea picha yake.

Nani aliichora?
Ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Kenya. Kazi ilianza 1967, na Mzee Jomo Kenyatta akaifungua Septemba 1973. Mnara una ghorofa 28 na urefu wa mita 105.

Mbona tuiite sanamu?
Kwa sababu ukiitazama ukiwa mbali, unabaki na maumbo mawili tu: duara lililosimama na koni. Miaka hiyohiyo, wasanii wa Marekani walikuwa wanachonga hivyo. Tony Smith, aliyefanya usanifu wa majengo kwanza, alitoa mchemraba mtupu wa chuma mwaka wa 1962, futi 6 kila upande. Hakuna nakshi wala sura. Umbo ndilo linaongea.

Lakini mtu wa shagz haitaji kufunzwa koni. Kama umekulia Kapkatet, kati ya Litein na Sotik, unajua msonge wa Kipsigis: ukuta wa duara na paa la nyasi linalochongoka ili mvua iteremke haraka. Koni ya KICC nayo imefunika ukumbi wa mikutano.

Ilifikaje kwa noti?
Kitambo noti zilibeba sura ya Mzee Jomo ama Moi. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote. Noti za 2019 zikaja na KICC. Kuna waliokimbia kortini kwa sababu sanamu ya Jomo iliyo uani hapo inaonekana pia, lakini kesi ikatupwa mwaka huohuo.

Ni ya nani sasa?
KANU waliishikilia kwa miaka mingi kama makao yao, hadi serikali ya NARC ikaichukua Februari 2003. Leo ni mali ya umma. Kwa hivyo ukishuka Nairobi, pita hapo uicheki vizuri. Ni yako.