Mufuko wa nyuma



Hapa kwetu Butembo na Beni, ukitaja mufuko wa mchanga, kila mutu anawaza kituo cha basoda. Mimi pia niliwaza vile. Kumbe mufuko ule uko na historia ingine.

Huko Marekani, mwaka 1947, wapenzi wa kupiga shabaha waliunda shirika lao katika jimbo la New York. Kwao ni mchezo: unakaa kwenye meza, unalenga karatasi, unatafuta risasi zote zipite karibu tundu moja. Mbele, bunduki inalazwa juu ya mufuko. Lakini siri iko nyuma: mufuko mdogo chini ya kitako. Mpigaji anaufinya polepole kwa mkono, kitako kinapanda, mdomo wa bunduki unashuka.

Tufanye hesabu. Tuseme kati ya mifuko miwili kuna mita 1. Kitako kikisogea milimita 1 tu, kwenye mita 100 risasi inakosa kwa sentimita 10. Mbele palikuwa imara. Kosa lilitoka nyuma.

Hesabu hiyo ilinirudisha kwetu. Januari 2014 jeshi lilianzisha Sokola 1 juu ya ADF, na kambi zao zikatwaliwa. Kufika Oktoba, raia wa Beni wakaanza kuchinjwa. Tarehe 6 Mei 2021 ikaja hali ya dharura: gavana akawa mwanajeshi, kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa mahakama ya kijeshi. Tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda nalo likaingia. Mauaji hayakuisha.

Kila mara tuliongeza nguvu mbele. Na nyuma? Mjomba wangu alikuwa na shamba la kakao upande wa Beni. Siku moja aliona nyayo za watu asiowajua, akaenda kutoa habari. Wakamushika yeye mwenyewe siku mbili. Mara ya pili aliona tena, akanyamaza.

Kwangu mimi, ule njo mufuko wa nyuma: raia anayesema bila kuogopa, na mutu wa serikali anayemusikiliza. Bila ule, hata bunduki nzuri inakosa.

Nawauliza ninyi munaosoma sheria, ualimu, utawala: mjomba akiona nyayo mara ya tatu, aende kumwambia nani?