Majina Daftarini: Taarifa za Watu na Siasa za Kitui na Makueni tangu Enzi ya Kipande

Mjadala juu ya data binafsi, yaani taarifa zinazomtambulisha mtu mmoja miongoni mwa wengi kama vile jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu au alama za vidole, kwa kawaida huanzia mwaka 2018, kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza ilipofichuliwa kuwa ilitumia taarifa za mamilioni ya watumiaji wa Facebook kwa malengo ya kisiasa. Kwa Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, mwanzo huo umechelewa mno. Wakazi wa Kitui, na wa eneo ambalo leo ni Makueni na ambalo hadi mwaka 1992 lilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, waliandikwa, wakahesabiwa na kuhifadhiwa katika mafaili ya watawala karibu miaka mia moja kabla ya hapo, na mara kwa mara orodha iliyofunguliwa kwa kusudi moja iliishia kutumika kwa kusudi jingine. Historia hiyo inaonyesha jambo ambalo mjadala wa sasa hulisahau: watu wa Ukambani waliweza kupigania haki yao pale walipoiona alama waliyowekewa, na ugumu wa zama hizi ni kwamba alama yenyewe haionekani tena.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, hati iliyokuwa na jina lake, wilaya yake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi, ikatiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Nakala ya taarifa hizo iliwekwa Nairobi, hivi kwamba kijana wa Mutomo au Kibwezi aliyetoroka shamba la mzungu aliweza kutafutwa hadi kwao kwa kutumia karatasi ambayo hakuwa na uwezo wa kuisoma. Serikali iliutetea mpango huo kuwa njia ya kuweka kumbukumbu za kazi; waliobeba kipande waliujua kuwa kamba, na kuukataa kukawa moja ya madai ya kwanza ya siasa za Waafrika nchini Kenya, kuanzia mikutano ya mwanaharakati Harry Thuku hadi sheria mpya ya mwaka 1947 ya kusajili watu wa rangi zote. Dai hilo liliweza kuenea haraka kwa sababu kila aliyelisikia alikuwa na kile kijaluba kifuani pake.

Mwaka 1938 hesabu ilihamia kwa mifugo, na hapa ndipo Ukambani ulipotoa funzo kubwa zaidi. Maofisa wa kikoloni, wakidai kwamba ng'ombe wengi kupita kiasi walikuwa wanaiharibu ardhi ya hifadhi ya Machakos, walipanga idadi ambayo kila eneo lingeruhusiwa kubaki nayo, wakawapiga chapa wanyama walioruhusiwa, na kuwatoa wengine kwa lazima ili wauzwe, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kikihitaji mali ghafi. Kuhesabu, ambako katika ripoti kulionekana kuwa kazi ya wataalamu wa udongo, kuligeuka kuwa kunyang'anya. Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association waliongoza maandamano ya maelfu ya watu hadi Nairobi mwishoni mwa Julai, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu na wanyama ambao hawakuwa wameuzwa wakarudishwa. Ushindi huo ulitokana na ushujaa, bila shaka, ila ulitokana pia na chapa: mwenye ng'ombe alimwona mnyama aliyepigwa chapa na aliyekosa, akajua ni nani aliyeamua, na akajua njia ya kwenda kumtafuta.

Taarifa za mtu ziliingia moja kwa moja katika kura mwaka 1957, Waafrika walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, miongoni mwao James Muimi wa Ukambani. Kwa utaratibu uliotungwa na Walter Coutts, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliyetaka kusajiliwa kupiga kura alitakiwa kuthibitisha elimu, kipato, mali, utumishi wake au umri, na kwa kadiri alivyotimiza masharti hayo alipewa kura moja, mbili au tatu. Daftari la wapiga kura lilikuwa hivyo chombo cha kupima thamani ya mtu: mwalimu mwenye cheti na mfugaji asiyejua kusoma walisimama mbele ya karani mmoja na kuondoka wakiwa raia wa uzito tofauti. Uhuru uliufuta mfumo huo na kuweka kura moja kwa kila mtu, ukaleta pia ahadi iliyo nzito zaidi, kwamba kura hiyo ni siri. Ahadi hiyo ilivunjwa hadharani mwaka 1988, chama tawala cha KANU kilipowapanga wanachama wake kwa mlolongo, kila mmoja nyuma ya mgombea wake au picha yake, mbele ya macho ya chifu. Mlolongo ulidumu muda mfupi, lakini kizazi kizima cha Kitui na Makueni kilijifunza kwamba mwenye mamlaka anaweza kujua umesimama upande gani.

Baada ya uchaguzi wa 2007 na umwagaji damu uliofuata, tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler ilikuta kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu yanayokadiriwa kufikia milioni 1.2, ikashauri daftari jipya lianzishwe. Mwishoni mwa mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliwasajili zaidi ya watu milioni 14 kwa mashine zilizochukua picha na alama za vidole, yaani usajili wa kibayometriki, unaomtambua mtu kwa mwili wake. Kilichofuata Makueni kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa. Machi 2013 wakili Kethi Kilonzo alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kwa niaba ya shirika la kiraia la AfriCOG, akilalamikia pamoja na mengine kutokuwepo kwa daftari moja la kuaminika, na mahakama ikakubali kwamba daftari ni mkusanyiko wa kumbukumbu kadhaa, kikiwemo kitabu cha kijani kilichoandikwa kwa mkono. Mwezi uliofuata baba yake, Seneta Mutula Kilonzo wa Makueni, akafariki. Kethi alipoteuliwa na chama cha Wiper kugombea nafasi hiyo, tume ilisema kwamba jina lake halimo katika daftari na ikaikataa stakabadhi aliyoiwasilisha, Mahakama Kuu ikauthibitisha uamuzi huo, na kaka yake Mutula Kilonzo Junior akagombea badala yake na kushinda Julai 26. Bila kujali nani alikuwa na haki katika shauri lile, wapiga kura wa Wote, Mbooni na Kibwezi walishuhudia kwamba swali la nani atawawakilisha liliamuliwa kwa kupekua kumbukumbu ambazo wao wenyewe hawakuweza kuzipekua.

Mwaka huohuo wa 2013 kumbukumbu za aina nyingine zilikuwa zinakusanywa. Cambridge Analytica ilijieleza yenyewe kwamba iliwahoji watu 47,000 nchini Kenya ili kujua mahitaji yao, ikiwemo ajira, na hofu zao, hasa hofu ya mapigano ya kikabila. Machi 2018 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilirusha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo mkurugenzi Mark Turnbull alijigamba kwamba kampuni hiyo ilikibadilisha sura mara mbili chama cha Uhuru Kenyatta na kukiandikia ilani. Chama cha Jubilee kilikiri tu kwamba kiliajiri kampuni mama, SCL, kwa kazi ya kujitangaza. Wakati wa uchaguzi wa 2017 kampuni ya Marekani ya Harris Media, kwa mujibu wa uchunguzi wa shirika la Privacy International, ilitengeneza tovuti ya kumchafua Raila Odinga, na matangazo yake yakawekwa mbele ya waliotafuta jina la Raila kwenye Google. Kalonzo Musyoka wa Mwingi alikuwa mgombea mwenza wa Raila, kwa hiyo mpiga kura wa Kitui aliyetaka kujua habari za watu aliowaunga mkono aliweza kukutana kwanza na hofu iliyotengenezwa Texas.

Matangazo ya namna hii huitwa matangazo lengwa, kwa kuwa hesabu za kompyuta humchagulia kila mtu ujumbe kulingana na umri wake, mahali alipo, alichotafuta na alichopenda. Huenda ikasemwa kwamba hayana uzito katika kaunti ambazo matumizi ya intaneti yapo chini ya wastani wa taifa, na ambako wazee wengi wanatumia simu za vibonyezo ziitwazo mulika mwizi huku wakipata habari zao kwa Kikamba kutoka Musyi FM. Hoja hiyo inapuuza njia ambazo ujumbe hupita. Mwaka 2017 wapiga kura wengi nchini walipokea jumbe fupi za wagombea zilizowataja kwa majina pamoja na eneo au kituo chao cha kupigia kura, na ujumbe mfupi hauhitaji intaneti. Vikundi vya kusaidiana, warithi wa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba, uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, husajiliwa serikalini kwa orodha ya wanachama na namba zao za vitambulisho, na mwenyekiti wake huwa na simu zote. Picha iliyotengenezwa kwa ajili ya Facebook hufika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kisha husimuliwa sokoni na kijana mmoja mwenye simu kubwa, na aliyeilipia hatajwi.

Madhara yake kwa demokrasia ni makubwa kuliko swali la kama tangazo moja lilibadilisha kura moja. Ahadi iliyotolewa katika mkutano wa Kitui mjini husikiwa na mpinzani, ambaye anaweza kuijibu kesho yake. Tangazo lengwa humwambia mkulima wa Mbooni neno moja na dereva wa Mtito Andei neno jingine, wala hakuna jirani anayeweza kulinganisha. Na mama anayepata ujumbe unaotaja jina lake na kituo chake, katika nchi iliyowahi kupigwa mlolongo, ana sababu ya kujiuliza iwapo chaguo lake nalo linajulikana. Kura inaweza kubaki siri kisheria huku mpigaji wake akiwa ameacha kuiamini siri hiyo. Wasimamizi wa mitandao wenyewe hawajathibitisha kwamba wanaweza kumlinda: kabla ya uchaguzi wa 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha kwa Facebook matangazo ya majaribio yenye matamshi ya chuki kwa Kiingereza na Kiswahili, yakaidhinishwa, na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaipa kampuni hiyo siku 7 kujirekebisha. Ikiwa Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kilipita bila kuzuiwa, Kikamba hakina la kutarajia.

Tatizo haliishii kwenye matangazo. Juni 2021 Wakenya walioingia katika mtandao wa huduma za serikali, eCitizen, walikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, akapokea malalamiko zaidi ya 200. Sababu ilikuwa wazi kwa anayeijua sheria: chama hakipati usajili kamili pasipo wanachama 1,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu ya zote 47, na ni rahisi kunakili majina yenye namba za vitambulisho kuliko kuwashawishi wenye majina hayo. Umma uliwashuku wenye vitabu vya mawakala wa M-Pesa na vya walinzi wa milangoni, ambamo kila anayetoa pesa au kuingia ofisini huacha jina, kitambulisho na simu.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa raia haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuzirekebisha na kutaka zifutwe, na kanuni za mwaka 2021 zinamlazimu yeyote anayetumia data kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa ajisajili kwa Kamishna, hata awe mdogo kiasi gani. Makueni ina chombo ambacho kaunti nyingi hazina: mikutano ya ushirikishwaji wa umma iliyojengwa wakati wa ugavana wa Kivutha Kibwana, inayoanzia vijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti, ambamo wananchi wamezoea kuuliza fedha za bwawa zilikwenda wapi. Hakuna sheria inayowazuia waliozoea kuuliza hivyo kumuuliza pia kila wakala wa chama, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kama chama chake kimesajiliwa kwa Kamishna, orodha ya wanachama wake wa wadi ile ilitoka wapi, na nani aliyelipia ujumbe ulioingia simuni.