Kasi ya RAM katika kompyuta ya mezani

Kasi ya RAM ni idadi ya mara ambazo kumbukumbu hupitisha data kwa sekunde: milioni 3200 kwa DDR4-3200, milioni 6000 kwa DDR5-6000. Namba hiyo ina mwenzake, CL, kipimo cha ucheleweshaji, ambacho matangazo hukiandika kwa herufi ndogo. DDR4-3200 ya CL16 na DDR5-6000 ya CL30 zote huchelewa nanosekunde 10.

Kizazi cha RAM, yaani DDR4 au DDR5, huamuliwa na ubao mama. DDR5 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Vipande vya kasi tofauti vikichanganywa, vyote hufuata cha polepole. Kasi iliyotangazwa kwenye pakiti mara nyingi haipatikani mpaka mpangilio wa kasi uitwao XMP au EXPO uwashwe ndani ya BIOS.

Kwa anayeunda kompyuta mjini Mbarara, Uganda, au Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, ukubwa hutangulia kasi. Kwa uchapaji na masomo, vipande viwili vya GB 8 vya DDR4-3200 hushinda kipande kimoja cha GB 8 chenye mbio zaidi, kwani viwili hutoa jumla ya GB 16 na hufanya kazi kwa njia mbili sambamba. Prosesa kama Ryzen 5 5600G ni habari nyingine: grafiki zake za ndani hutumia RAM hiyohiyo, hivyo kasi huonekana wazi kwenye michezo. Anayenunua Mbarara kupeleka Nakivale aijaribu RAM dukani kabla ya kulipa.