Mwuzaji Mdogo na Ushuru katika Nchi ya Karagwe

Mama mmoja wa kijiji chetu aliniuliza neno hili: "Mwalimu, mimi nalima mchana, na jioni nasuka vikapu. Nikipeleka vichache gulioni, je, nimekuwa mfanyabiashara wa kutozwa kodi?" Mwanawe alikuwa amesimama karibu, akisikiliza, maana yeye hununua ndizi vijijini na kuziuza. Swali lao si geni. Katika nchi hii ya Karagwe na Kyerwa limeulizwa kwa namna nyingi tangu siku za wafalme.

Hapo kale ushuru uliotisha watu ulikuwa hongo, nao ulitozwa misafara. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita Usui, nchi ya Suwarora, kusini kwetu. Huko walitozwa nguo, shanga na nyaya za shaba hata wakakata tamaa. Walipovuka mpaka wa Karagwe walishangaa, maana Mukama Rumanyika aliwapokea kama wageni, wala hakuwadai hongo. Zawadi alizipokea, naam, na zawadi ya mfalme si ndogo. Lakini mgeni aliitoa kwa heshima, hakunyang'anywa njiani. Waarabu nao walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, wakinunua pembe. Nadhani Rumanyika alijua hesabu yake: njia isiyo na hongo huvuta biashara. Watu wake mwenyewe walimpa mazao na kazi, lakini hayo yalikuwa haki ya mfalme kwa raia, si ushuru wa kuuza.

Wadachi walikuja na desturi nyingine. Kwa amri yao ya mwaka 1897 kila nyumba ilipasa kutoa kodi, na kiasi cha kawaida cha nyumba ya kijijini kilikuwa rupia 3. Tazama jinsi ilivyogeuka: mtu hakutozwa kwa sababu ameuza, bali alilazimika kuuza kwa sababu ametozwa. Asiye na rupia alitafuta kitu cha kupeleka sokoni, au alikwenda kufanya kazi ya mshahara. Waingereza nao wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922.

Kodi ya mauzo yenyewe ililetwa na serikali ya Tanzania huru mwaka 1969. Ilitozwa kiwandani na bandarini, basi mwenye duka kijijini hakuiona kwa macho; ilikuwa imekwisha kuingia katika bei ya sabuni. Tarehe 1 Julai 1998 mahali pake pakachukuliwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT. Kwanza ilikuwa asilimia 20, na tangu mwaka 2009 ikawa asilimia 18. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Si kila auzaye apaswaye kujiandikisha kwa kodi hiyo. Tangu mwaka 2015 sheria iliwataka wenye mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mwaka 2023 mpaka ukapandishwa kuwa milioni 200. Ni nani gulioni kwetu mwenye mauzo hayo? Tena asiyeandikishwa hana ruhusa ya kumdai mnunuzi asilimia 18 kwa jina la kodi hiyo.

Wazee wanakumbuka zaidi kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa katika miaka ya themanini na tisini. Wako waliolala migombani ili wasikutwe na watozaji. Ilifutwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata wenye biashara ndogo wakaondolewa ada ya leseni kwa muda wa miaka kadhaa. Kisha Desemba 2018 Rais Magufuli akawagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Vilikuwa kwa watu ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa watu hao kodi ya mapato ilikuwa sifuri tangu mbele. Hata hivyo wengi walikinunua kwa furaha, maana aliyekuwa nacho hakufukuzwa barabarani. Amani nayo ina bei yake.

Mpaka huu wa milioni 4 ndio umhusuo yule mama. Gawanya kwa majuma 52, utapata shilingi 76,900 na kitu kidogo kwa juma. Yeye huuza vikapu vinne kwa juma, kila kimoja shilingi 5,000. Kwa mwaka ni 1,040,000. Yuko mbali na mpaka.

Mwanawe ni habari nyingine. Yeye hununua mikungu minane kwa shilingi 60,000 na kuiuza kwa 80,000 kila juma. Faida yake ni 20,000, na hapo hajalipa pikipiki. Lakini sheria hii haitazami faida, hutazama mauzo, na mauzo yake kwa mwaka ni 4,160,000. Amevuka. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu aliye kati ya milioni 4 na milioni 7, akiwa ameandika hesabu zake ipasavyo, hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa kijana huyu ni asilimia 3 ya 160,000, yaani shilingi 4,800. Asipokuwa na hesabu hulipa shilingi 100,000. Mikungu ni ile ile na bei ni ile ile. Tofauti ya shilingi 95,200 imo katika daftari. Nilirudia hesabu mara mbili, maana sikuamini. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Bunge kila mwaka wakati wa bajeti, basi yafaa kuuliza upya kila Julai.

Neno moja limebaki, maana nalo huchanganywa. Ushuru wa gulio si kodi ya serikali kuu. Ni wa halmashauri, nasi tuna halmashauri mbili tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012. Ushuru wa mazao nao ni wa halmashauri, na mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama kahawa. Kwa sheria hulipwa na mnunuzi. Mwenye kulipa yoyote kati ya hizo na adai stakabadhi, aitunze pamoja na hesabu zake.

Yule kijana alisikiliza yote asiseme neno. Kisha akamwomba mdogo wake daftari la shule lililobaki kurasa, akapiga mistari mitatu: tarehe, mikungu, fedha.