Somo la Historia: Ngome ya Mombasa

Fungueni vitabu vyenu, msome pamoja nami polepole.

Sisi tuko mbali na bahari. Hata hivyo, zamani wafanyabiashara wa pwani walileta nguo na shanga mpaka Kafuro, hapa Karagwe. Leo twende huko pwani, tufike Mombasa.

Hapo pana ngome ya mawe iitwayo Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mfalme wao wakati ule alikuwa Philip wa Hispania, aliyetawala nchi zote mbili. Walitaka kulinda njia ya merikebu zao ziendazo Bara Hindi. Kwa hiyo walijenga kuta nene, wakaweka na mizinga.

Je, ukuta mnene watosha kumlinda mtu? Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na wenyeji waliowasaidia. Kuta zilisimama imara, lakini njaa na maradhi viliingia bila hodi. Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waomani waliingia. Waliowakuta hai walikuwa wachache sana.

Waingereza waliifanya gereza toka 1895 hadi 1958. Tangu 1960 ni makumbusho.

Maswali:
1. Nani walijenga ngome, na kwa nini?
2. Ni nini kilichowashinda waliokuwamo?
3. Nyumbani kwako, chakula cha akiba kinatosha miezi mingapi?

Kwaherini.